UZI: Kumtazama mtu bila kumzulia. Daftari, saa na kituo cha daladala

Mtazamaji_Magogoni (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mada za "msome mtu kwa sekunde tano" hazikauki mitandaoni. Akikunja mikono anaficha jambo, akitazama chini ni mwongo, akichekacheka usimwamini. Watu wanazibeba na kwenda kuajiria dada wa kazi, kuchagulia mchumba, kumhukumia fundi. Naanzisha uzi huu kwa sababu kutazama watu ni ufundi kama useremala. Una vifaa, una vipimo, na una makosa ambayo kila anayeanza huyafanya. Tena ni jambo la haki: ukimtazama mtu vibaya unamzulia, na yeye hayupo kujitetea.

Vifaa ni vichache. Daftari dogo la kuingia mfukoni, penseli (wino na jasho la Dar havipatani) na saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Simu iache ilipo. Ukiitoa, jirani anaanza kujitengeneza, na wewe mwenyewe macho yanashuka kwenye kioo.

Kila ukurasa upige mstari katikati. Kushoto andika "nilichoona", kulia "ninachodhani". Mfano, kituo cha Mnazi Mmoja, saa 11 jioni:

Kushoto: Mama, kitenge cha njano. Amesimama hatua mbili nje ya kivuli. Ametazama barabarani mara 6 ndani ya dakika 1. Amehamisha mfuko mkono wa kulia kwenda wa kushoto mara 2.
Kulia: Ana haraka? Kuna anayemsubiri? Mfuko mzito?

Anayeanza huandika "mama ana wasiwasi" na kufunga daftari. Wasiwasi hauonekani kwa jicho; kinachoonekana ni shingo kugeuka mara sita. Kipimo cha upande wa kushoto ni kimoja: mtu wa pili aliyekaa pembeni yako angeweza kukubishia? Kama angeweza, hilo neno ni la kulia. Mpole, mjanja, ana dharau, anajisikia, mshamba, amechoka: yote haya marufuku upande wa kushoto. Tumia vitenzi na namba.

Dakika 10 za kwanza usiandike chochote. Watu wanakuona mgeni na wanabadilika kidogo, wape muda wakuzoee. Pia jicho lako likifika mahali papya hukimbilia penye kelele, yaani mpiga debe, wanaogombana, aliyevaa cha kung'aa. Likishatulia ndipo linaanza kumwona aliyenyamaza, na walionyamaza ndio wengi.

Baada ya hapo kuna namna mbili za kuandika, na zote zilinolewa na watazamaji wa wanyama. Jeanne Altmann, aliyetafiti nyani wa Amboseli kule Kenya, alizipanga vizuri kwenye makala ya 1974 ambayo watafiti wa tabia wanaitumia hadi leo. Si ajabu kwamba mambo haya yametokea pande zetu. Jane Goodall naye alianza kukaa na sokwe wa Gombe, Kigoma, mwaka 1960, kwa daftari na subira.

Ya kwanza ni mzunguko wa macho. Kila baada ya dakika 2, pitisha macho kutoka kushoto kwenda kulia na uandike kila mtu anafanya nini wakati huohuo jicho linapomgusa. Tumia herufi: K ameketi, S amesimama, N anaongea, T yuko kwenye simu, B anatazama barabarani. Alichofanya sekunde 30 zilizopita usikiandike. Dakika 20 zinakupa mizunguko 10.

Ya pili ni kumshika mmoja kwa dakika 5 na kuandika yote yake. Hapa kanuni ya kumchagua iwekwe KABLA hujamwona: "mtu wa tano atakayepita nguzo ile." Ukimchagua kwa kuvutiwa, umeshajaza daftari na ladha yako. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa Kariakoo siku nzima akatoka na hitimisho kwamba watu wa Dar ni wa kugombana. Ameandika ugomvi mmoja na kuwaacha maelfu waliopishana kwa "samahani kaka".

Karibuni wenye uzoefu mkazie.

---

Binti_Tandika

Ahsante kwa uzi, mkuu. Naomba ufafanuzi. Kwenye semina za mauzo hufundishwa kwamba asilimia 93 ya mawasiliano ni mwili na sauti, maneno ni 7 tu. Kama ni hivyo, si tunapaswa kuangalia mwili kuliko kusikiliza? Halafu mwongo anaonekanaje? Hilo ndilo wauzaji tunalolitaka.

---

Mwalimu_Changombe

Dada Binti_Tandika, namba hiyo imesafiri mbali na nyumbani kwake. Ilitoka kwa Albert Mehrabian, majaribio ya 1967. Washiriki walisikilizishwa neno mojamoja lililotamkwa kwa sauti tofauti, na jaribio jingine likaongeza picha za nyuso. Swali lilikuwa kama msemaji anampenda au hampendi anayeambiwa. Ndiko ilikotoka 7 kwa maneno, 38 kwa sauti, 55 kwa uso. Mehrabian mwenyewe ameeleza kwamba hesabu hiyo inahusu hisia na mielekeo tu, si kila mazungumzo. Ijaribu nyumbani: fungua tamthilia ya Kikorea isiyotafsiriwa. Mwili na sauti vyote unavyo. Eleza sasa nani anamdai nani, shilingi ngapi, na kwa nini.

Kuhusu mwongo. Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya tafiti nyingi za watu kubahatisha nani anadanganya. Wastani wa kupatia ulikuwa asilimia 54. Sarafu ukiirusha inakupa 50. Sababu ni kwamba dalili tunazozitegemea, kama jasho, kubabaika, kutotazama usoni, ni dalili za hofu, na mkweli anayeogopa kutoaminiwa anazo zilezile.

Hapa kwetu kosa la macho ni kubwa zaidi. Mtoto wa Kiswahili amefundishwa kutomkodolea macho mkubwa anaposemeshwa. Akiingia kwenye usaili akainamisha macho mbele ya mzee wa miaka 60, anatoa heshima. Mwajiri aliyesoma kijitabu cha kigeni anaandika "hajiamini, huenda anaficha". Kijana mzuri kakosa kazi kwa sababu ya adabu aliyolelewa nayo. Hili linaniuma kuliko mengine yote kwenye mada hii.

Badala ya kuwinda dalili, fanya hivi. Kwanza mzungumzishe mambo yasiyo na uzito kwa dakika 3 hadi 5: njia, mvua, foleni. Sikiliza kasi yake ya kawaida, mikono yake ikoje, hujibu kwa kirefu au kwa kifupi. Ukija kuona mabadiliko baadaye, alama hiyo inakwambia tu "uliza zaidi hapa". Haikwambii kwamba anadanganya.

Pili, uliza jambo linaloweza kwenda kuthibitishwa. Mfano dalali wa chumba. Swali "maji yapo?" halina thamani, kila dalali atasema yapo. Uliza: yanatoka siku zipi za wiki na saa ngapi? Umeme, LUKU ni ya chumba hiki pekee au mnachangia vyumba vingapi, na hesabu inagawanywa vipi? Aliyekuwepo amehama mwezi gani? Kisha tembea hatua kumi ukamwulize jirani maswali yaleyale. Majibu mawili yasipolingana umepata kitu, bila kumkodolea mtu macho hata mara moja.

Na kwa muuzaji: mteja anayekaribia kununua mwangalie kwenye maswali yake na mikono yake. Akitoka kwenye "shilingi ngapi?" kwenda "namba 41 ipo?" au "ikinibana nairudisha?", ameshaanza kuivaa kichwani. Anayeondoka huku bidhaa bado ameishika mkononi hajaondoka. Hizi ni dalili za kawaida tu dukani, na zinabadilika. Zihesabu dukani kwako kwa siku mbili kabla hujaziamini.

---

Gerezani_Mpaka_Mbezi

Nakazia kwenye daladala, maana ndiko watu wengi wanakotaka kufanyia mazoezi.

Kujua mahali ni nusu ya kazi. Mfano wa kugeuza. Jioni utaona abiria anapanda gari linaloelekea mjini wakati watu wote wanatoka mjini. Mgeni ataandika "amepotea" au "ana safari ya usiku". Mwenyeji anajua huyo anageuza nalo: anaenda mpaka mwanzo wa njia ili apate siti, halafu anarudi amekaa. Nauli zaidi na muda zaidi, ili asisimame saa nzima na nusu. Bila kujua hilo, tafsiri yako yote ya tabia yake ni hewa.

Hesabu nzuri ya kuanzia ni siti. Panda gari likiwa tupu kituo cha mwisho, kaa nyuma kabisa. Chora mchoro wa siti, kila anayeingia mpe namba kwa mpangilio wa kuingia: 1, 2, 3. Likijaa utaona za dirishani zinaisha kwanza, kisha watu wanaanza kulazimika kukaa na wasiowajua. Hapo ndipo pa kuangalia. Abiria anapokuta siti tano zenye nafasi moja moja, anachagua pembeni ya nani? Wa jinsia yake? Wa rika lake? Aliyeweka mkoba juu ya siti anarukwa mara ngapi? Andika pia hali ya hewa, kwa sababu jua la upande mmoja linapindua kila kitu. Gari likitazama kusini asubuhi, upande wa kushoto unaungua, na watu watajazana kulia bila kujali nani amekaa hapo.

Kuhusu umbali. Edward Hall mwaka 1966 aliandika vipimo vinavyonukuliwa sana: hadi sentimita 45 ni wa watu wa karibu mno, 45 hadi 120 marafiki, mita 1.2 hadi 3.6 watu wa shughuli, zaidi ya hapo hadhara. Alivipata kwa Wamarekani wa tabaka la kati, pwani ya kaskazini mashariki. Kwenye daladala letu vyote vinakufa kwa pamoja, kiwiko cha mtu kipo mbavuni mwako. Kinachofaa kuangaliwa ni watu wanavyotengeneza umbali upya bila nafasi: mkoba mapajani kama ukuta, macho dirishani, kichwa kugeuzwa nyuzi chache, simu iliyowashwa ambayo kidole hakiisogezi. Hesabu kidole. Simu isiyosogezwa kwa sekunde 60 haisomwi, ni pazia.

Na kumpisha mtu siti. Mama mjamzito au mzee akiingia, anza kuhesabu sekunde mpaka mtu asimame. Andika aliyesimama alikuwa siti ya ngapi kutoka mlangoni, na konda alisema nini. "Jamani mpisheni mama" na "kaka wa shati la bluu, mpishe mama" ni maneno mawili tofauti kabisa. Pima tofauti yake kwa sekunde, safari kumi, utaona mwenyewe.

---

Mtazamaji_Magogoni (mleta uzi)

Hilo la shati la bluu lina mizizi, na linaokoa maisha, kwa hiyo nalisimamia kidogo.

Mwaka 1968 John Darley na Bibb Latané waliwaweka washiriki kwenye vyumba tofauti wakizungumza kwa vipaza sauti, kisha mmoja akasikika kama ameshikwa na kifafa. Aliyeamini ni yeye pekee anayesikia alitoka kusaidia kwa asilimia 85. Aliyeamini wapo wengine wanne wanaosikia, asilimia 31. Mwenye roho mbaya hakuwa upande wowote. Kila mmoja alidhani mwingine ameshakwenda.

Kwa hiyo bodaboda ikianguka na watu wakajaa, usipige kelele "jamani msaidieni". Nyoosha kidole: "Dada wa mtandio mwekundu, piga simu 112." "Kaka wa kofia, simamisha magari upande ule." Mtu aliyetajwa kwa vazi lake hana wa kumwachia.

Na umati wenyewe unavyozaliwa unafaa kutazamwa. Stanley Milgram na wenzake mwaka 1969 walichapisha jaribio la New York: watu wao wanasimama njiani na kutazama juu dirishani. Akisimama mmoja, asilimia 4 ya wapita njia walisimama. Wakisimama 15, asilimia 40. Ukiona mkusanyiko Mtaa wa Msimbazi, usikimbilie katikati. Kaa ukingoni na uandike: anayefika anatazama tukio kwanza, au anatazama nyuso za waliotangulia? Mara ngapi anamwuliza jirani "kuna nini?" na jirani anajibu "hata mimi sijui"?

Sasa nije kwenye kosa kubwa kuliko yote, ambalo Lee Ross alilipa jina mwaka 1977: kuitafuta sababu ndani ya mtu huku ukisahau alipo. Mahali pazuri pa kuliona ni Feri.

Simama karibu na lango la abiria wa Kigamboni kabla halijafunguliwa, saa za asubuhi au jioni. Shika mtu mmoja kwa kanuni yako. Akiwa nyuma ya lango: mabega mbele, kiwiko nje, hamtazami jirani. Lango likifunguka: anakimbia, anapita pembeni ya mzee bila kusema kitu. Dakika chache baadaye juu ya kivuko mtu huyohuyo ameegemea chuma, anamshikia mwenzie mtoto, anasogea ampishe muuza karanga. Ukiwa na ukurasa wa kwanza tu utaandika "mtu wa kujali nafsi yake". Wa pili peke yake ungekupa "mtu mwema". Ni yuleyule, na kati ya kurasa hizo kimebadilika kitu kimoja: hofu ya kuachwa.

Darley na Daniel Batson walilionyesha hili mwaka 1973 kwa wanafunzi wa seminari ya Princeton, yaani watu waliojitoa kwa dini. Baadhi yao walikuwa wanakwenda kutoa hotuba juu ya Msamaria Mwema. Njiani watafiti wamemweka mtu aliyejiinamia, anakohoa na kugumia. Wasio na haraka walisimama kumsaidia asilimia 63. Wenye haraka kiasi, 45. Walioambiwa wameshachelewa, 10. Hotuba waliyobeba kichwani haikuleta tofauti ya kutegemewa. Haraka ndiyo iliyoamua.

Kwa hiyo juu ya kila ukurasa, kabla ya jina la mahali, andika saa, siku ya mwezi (tarehe 27 na tarehe 14 ni miji miwili tofauti mfukoni), mvua au jua, na muda ambao watu wamesubiri. Ukikosa mstari huo, ukurasa mzima hauna kazi.

---

Shangazi_Ilala

Wanangu, hamjambo. Mmesahau kivuli na mmesahau salamu.

Foleni ya Dar haisimami palipochorwa, inasimama penye kivuli. Kwenye jua la saa 7 mchana kwa wakala wa pesa utaona watu wametawanyika, wawili chini ya mwembe, mmoja kwenye kivuli cha nguzo amejikunja kufuata upana wa nguzo, watatu barazani. Anayepita anasema hawa hawajui kupanga mstari. Ngoja afike mtu mpya. Atauliza "wa mwisho nani?" na mkono utainuka. Mstari upo, umekaa vichwani. Atakayejifanya kusogea mbele, watu wanne watasema kwa pamoja. Pale bombani ni hivyohivyo kwa ndoo na madumu: chombo kimeshika nafasi, mwenyewe yuko kivulini anasuka nywele. Hesabuni vyombo, msihesabu watu. Na mwandike chombo kisicho na mwenyewe kikifikiwa na zamu kinafanywaje: kinajaziwa, kinasogezwa pembeni, au kinarukwa? Hapo mtajua majirani wa pale wanaishije, hamna haja ya kumwuliza mtu.

Salamu nayo ina hatua. Angalieni vitu vinne: nani ameanza, ametumia ipi, mwili umefanya nini, na zimepita salamu ngapi kabla ya shida kutajwa. "Shikamoo" kwa aliyemzidi rika. Kwa waliokaribiana umri utaona kitambo kidogo cha kusita, kila mmoja anampima mwenzake, kisha mmoja anaangukia "habari za leo" kwa usalama. Kitambo hicho ni cha thamani, kiandikeni. Mteja anayemfikia mama ntilie na kusema "nipe wali maharage" bila salamu, tazameni kijiko kinavyochota, halafu mlinganishe na aliyesema "shikamoo mama, pole na moto". Msinikubalie tu. Hesabuni sahani ishirini.

Msisahau mwezi wa Ramadhani. Kuanzia saa 11 jioni mji mzima unatembea kwa mwendo mwingine. Daftari la Ramadhani lisichanganywe na la miezi mingine.

---

Takwimu_Mlimani

Shikamoo shangazi.

Naongeza moja tu, lakini msilipite. Mtu mmoja na daftari lake hawezi kujua kama anaona au anaota. Mlete mwenzako, kaeni mita chache mbalimbali, muandike watu walewale 50 bila kusemezana, kisha mlinganishe.

Tuseme mnaandika "amesalimia" au "hajasalimia". Wote wawili mmesema amesalimia kwa watu 30. Wote mmesema hajasalimia kwa 10. Wa kwanza kasema ndiyo na wa pili hapana kwa 6, na kinyume chake kwa 4. Mmekubaliana 40 kati ya 50, yaani 0.80. Inapendeza, lakini sehemu yake ni bahati, kwa sababu wote mnaandika "ndiyo" mara nyingi. Ondoeni bahati kwa njia ya Jacob Cohen ya 1960. Wa kwanza ana ndiyo 36, sawa na 0.72. Wa pili 34, sawa na 0.68. Bahati ya kukutana kwenye ndiyo ni 0.72 × 0.68 = 0.49. Kwenye hapana ni 0.28 × 0.32 = 0.09. Jumla 0.58. Sasa (0.80 − 0.58) ÷ (1 − 0.58) inakupa kama 0.52. Wastani tu.

Dawa ni kurudi kwenye wale 10 mliotofautiana. Karibu kila mara tatizo ni tafsiri ya neno: kutikisa kichwa ni salamu? Kuinua nyusi? Honi ya bajaji? Kaeni muamue, mwandike ukurasa wa kwanza wa daftari, kisha rudieni watu 50 wengine. Mkifika 0.7 kwenda juu, endeleeni.

Na msimwambie mwenzenu mnatarajia nini. Ujerumani palikuwa na farasi aitwaye Hans aliyesifika kwa kujua hesabu, akigonga kwato mpaka jibu. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alionyesha kwamba farasi alikuwa anasoma kichwa na mwili wa muulizaji, ambavyo bila kujua vililegea kwato zikifika kwenye jibu. Muulizaji asipolijua jibu, farasi naye alilikosa. Ukimwambia mwenzako "nadhani wanaume hawasalimii", utapata daftari lenye wanaume wasiosalimia.

---

Wakili_Upanga

Macho hayana pazia, ni kweli, lakini kalamu na kamera vina mipaka.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sura ya mtu inayomtambulisha, jina, namba ya simu uliyoisikia kwa wakala: hivyo vyote ni vyake. Msiandike majina, tumieni vazi au herufi. Msipige picha wala video za watu wasiojua kisha mkazirusha mtandaoni na maelezo ya "tabia" zao. Pale Feri mko hatua chache kutoka Ikulu, kamera isitoke kabisa mfukoni.

Msimfuate mtu akiondoka. Akitoka kwenye eneo lako, dakika zake zimeisha hata kama zilikuwa mbili. Watoto peke yao, wagonjwa nje ya hospitali na waliofiwa waacheni. Mtu akiuliza "unaandika nini?" jibuni ukweli mara moja: "Najifunza kuangalia watu wanavyosubiri gari, sijaandika jina la mtu, huu hapa ukurasa." Ndiyo sababu nyingine ya kutoandika "mshamba" upande wa kushoto: siku yoyote daftari lako linaweza kusomwa na aliyeandikwa. Akisema hapendi, futeni mbele yake.

Kazi ikigeuka kuwa utafiti rasmi, chuo au taasisi yenu ina utaratibu wa vibali. Huo ufuatwe kabla ya siku ya kwanza.

---

Kijana_Rangi_Tatu

Wakuu, ukurasa wa mazoezi huu hapa, Mbagala Rangi Tatu, Jumanne, tarehe 11, saa 12:40 asubuhi, mawingu, gari la mwisho limeondoka dakika 9 zilizopita. Upande wa kushoto tu. Nisahihishieni.

1. Mwanaume, shati jeupe, begi mgongoni. Ametazama saa mara 4 ndani ya dakika 2.
2. Msichana wa sare ya shule amesimama nyuma ya watu wazima. Magari 2 yamekuja, hajapanda.
3. Konda amemkatalia mwanafunzi kwa dharau.
4. Mzee, kanzu, bakora. Gari limefika, watu 3 wamempisha apande kwanza.
5. Mama mwenye ndoo ya samaki amekasirika kwa sababu konda amemwambia akae nyuma.

---

Mtazamaji_Magogoni (mleta uzi)

Kaka, mstari wa juu wa mahali na muda umekamilika, hongera.

Wa 1 safi. Wa 2 ni mzuri sana, ongeza: alijaribu kusogea mlangoni au hakusogea? Hajapanda na hajapandishwa ni vitu viwili, na mwanafunzi wa Dar anayelipa nauli ndogo analijua hilo kuliko sisi.

Wa 3, "dharau" ihamie kulia. Andika alichofanya: alinyoosha mkono kuziba mlango? Alisema maneno gani hasa? Gari lilikuwa na watu wangapi wamesimama? Na "mwanafunzi" huyu ni yule wa mstari wa 2 au mwingine? Kama ni yule, hadithi yote ya mstari wa 2 inabadilika.

Wa 4, waliompisha walikuwa mbele yake au pembeni? Walisema kitu, au walirudi nyuma tu kimyakimya?

Wa 5 una makosa mawili ndani ya sentensi moja: "amekasirika" na "kwa sababu". Uliona nini usoni? Alijibu? Sauti ilipanda? Aliweka ndoo chini kwa kishindo au taratibu? Na sababu huwezi kuiona, unaona tu kwamba jambo moja limefuatia jingine. Andika: "Konda: 'mama, na ndoo nyuma.' Sekunde 3. Mama hajajibu, amebana midomo, ameshika mpini wa ndoo kwa mikono miwili, amekwenda nyuma." Kulia weka maswali yako, na mojawapo liwe hili: ndoo ya samaki ina kilo ngapi, na kutoka Feri ameibeba tangu saa ngapi?

Rudi palepale Alhamisi, saa ileile, mizunguko 10. Uutume hapa.